Maharagwe Yaliyokataa Kuiva

Mwanangu Banza,

Kama anayesoma barua hii si wewe, basi airudishe ndani ya kiatu alimoitoa na aone haya. Nimeiingiza mpaka kwenye vidole vya kiatu chako cha kushoto, kile kipya cha mlimani, kwa sababu najua viatu hivyo hutampa mtu akubebee. Kule Bukama, mkipanda bateau, ile meli ya mtoni, watu watashika kila mzigo wako, lakini viatu utavikumbatia mwenyewe. Ukiikuta mapema, usiifungue mpaka mpite Kinkondja. Kabla ya hapo bado unaweza kushuka na kurudi nyumbani kuniuliza maswali, na mimi maswali ya uso kwa uso sitayaweza.

Mama yako amekupeleka kuaga wajomba zako. Mimi nilisema mguu unauma. Mguu hauumi. Nilitaka nyumba iwe tupu mchana huu mmoja, kwa sababu kesho asubuhi treni inakuchukua.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Kazi hiyo mama yako ameifanya tangu Jumatano, na nimekuona ukiitikia huku unatazama dirishani. Mimi nina jambo lingine, na ili ulielewe lazima nianze na kosa la mwezi uliopita, ambalo ni jepesi kulikiri kuliko lile la zamani.

Barua ya daktari ya kukuita uwe mwuguzi wa safari yao ya mlimani haikuchelewa posta. Ilifika siku yake. Karani wa posta alinipa mkononi, akasema, "Baba ya infirmier, hii ni ya mutoto yako." Nikaifungua kwa mvuke wa birika, nikaisoma, nikaifunga tena, nikaiweka ndani ya Biblia kwenye kitabu cha Nahumu, ambako hakuna mtu wa nyumba hii anayefika. Ilikaa humo siku kumi na tisa. Wewe ulikuwa unakwenda posta kila jioni na kurudi mikono mitupu, na mimi nakuambia kwamba posta ya siku hizi haiaminiki. Siku ulipoacha kwenda, ukakaa tu kizingitini ukiwa umevua viatu, nilishindwa. Kesho yake nikakuletea barua na kujifanya nahema kwa kukimbia.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimu mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Fundi akimaliza mlango mapema, nahesabu misumari. Kwa hiyo utadhani nilimshuku daktari wako, na kweli nilimshuku. Wazungu wanne, wote wamezoea kupanda barafu huko kwao, wanakataa hata rafiki yao kwa sababu hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi ya ghala, halafu wanaagiza mwuguzi kutoka Kamina, ambako mlima wetu mkubwa ni kichuguu? Nilijua jibu lako. Ulipanda naye mlima wa moto kule Goma mara mbili, na mara zote mbili wewe ndiye uliyemfunga mguu badala ya yeye kukufunga. Sawa. Nilikubali shingo upande.

Lakini sikuificha barua kwa ajili ya daktari. Niliificha kwa sababu ya mstari mmoja chini kabisa, wewe uliupita haraka: kwamba mtu wa kuwaongoza njia, kutoka Mutwanga mpaka kwenye barafu, ni mzee aitwaye Kambale.

Huko kwao Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Kila nyumba inaye. Ukiliita sokoni watageuka watu ishirini. Nimejiambia hivyo kila siku katika siku zile kumi na tisa, na sikujiamini.

Mimi nimeupanda mlima huo, Banza. Sasa umejua. Nilikuwa na umri wako, sijamwoa mama yako, na nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja mrefu ambaye tulimwita Bwana Miguu. Alitaka kufika kwenye theluji kupima sijui kitu gani. Tulitoka Kamina wawili, mimi na rafiki yangu wa tangu utotoni, ambaye alibeba sanduku la mashine ya picha. Rafiki huyo aliitwa Banza. Nilikuambia siku zote kwamba jina lako ni la babu wa upande wa mama. Hapana. Ni lake. Mama yako alikubali bila kuuliza, na mimi nikaona afadhali asiulize.

Yule Banza wa kwanza alikuwa mtu wa kucheka. Mimi nilikuwa nimebatizwa miezi michache tu kabla, na kama wabatizwa wapya wengi, nilikuwa naona shetani na uchawi kila kona. Yeye alinitania njia nzima.

"Weye unaona bulozi kila fasi," aliniambia kwenye bateau. "Hata ndani ya kanisa unaona. Lala, minyi nitakulinda."

Kule chini ya mlima tulipewa kiongozi wa njia. Kambale. Mtu mfupi, mkimya, macho yake yalitazama mawingu kuliko watu. Hakunichukia, hakunipenda. Hilo peke yake lilinitosha kumshuku. Kwetu, mtu akikaa na wewe siku mbili bila kukuuliza ukoo wako, ana sababu.

Siku ya kwanza tulipita mashamba, ya pili mianzi na matope. Ya tatu tukaingia kwenye msitu ambao sitaki kuueleza sana kwa sababu utauona mwenyewe: miti imevaa manyoya ya kijani mpaka vidoleni, na hakuna sauti ya ndege. Nikiwa ndani yake nilisema kimoyomoyo kwamba mahali hapa pana wenyewe. Siku ya nne tukapiga kambi juu, kwenye baridi ambayo sikuwa na neno lake, na mimi nikatundika chungu cha maharagwe.

Kambale alikuja akanisimamia.

"Mupishi, acha hii maharagi. Haitaiva. Huku juu pika bugali tu."

Fikiria nilivyosikia. Mtu anatazama chungu chako ambacho hakijachemka bado na anakuambia kwamba chakula hakitaiva. Kwetu anayesema hivyo si mshauri. Amejuaje, kama si yeye aliyekifunga? Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mimi nimepika tangu utoto wangu na maharagwe nayajua. Akainua mabega, akaenda zake.

Maji yalichemka upesi kuliko nilivyozoea. Yaliruka, yalimwaga povu, nikaongeza kuni mpaka wapagazi wakanilalamikia. Mchana wote maharagwe yalicheza ndani ya chungu, na jioni nikauma moja, likalia kama jiwe. Nikaimba wimbo mzima juu ya chungu. Nikaomba. Nikauma lingine. Bwana Miguu akala mkate mkavu na kunitukana kwa lugha yake, na Banza akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilianza kumlinda Kambale kwa macho kama mtu anayelinda kuku.

Ndiyo sababu niliona. Asubuhi tulipoondoka, kila mtu akiwa mbele, yeye alibaki nyuma na kuweka kitu chini ya jiwe kubwa kando ya njia. Mbele kidogo, kwenye bega la mlima, akafanya tena. Na mara ya tatu pale ambapo mawe ni meusi na theluji inaanza. Vifurushi vya majani, vimefungwa kwa nyasi, mafundo mengi. Juu ya kila jiwe aliweka mawe madogo matatu.

Wewe umekua katika nyumba ya mwalimu wa Jumapili na umesoma shule ya wauguzi. Kwako kifurushi ni kifurushi. Lakini muulize bibi yako kitu kilichofungwa kwa mafundo na kuzikwa kando ya njia ambayo watu watairudia ni nini. Hatakujibu hata jina lake, atafunika mdomo. Ni bwanga, dawa ya uchawi, tena ile ya kumngoja mtu anaporudi. Mimi nilikuwa na hakika. Sikuwa na wasiwasi, mwanangu, nilikuwa na hakika, na hakika ni mbaya zaidi.

Siku iliyofuata Bwana Miguu na Banza mwenye sanduku walipanda kwenye barafu, Kambale akiwaongoza. Mimi, mpishi, nilibaki kambini. Nikaacha chungu, nikashuka na koleo langu la moto, nikayainua yale mawe moja baada ya jingine. Kitu kama kile hukishiki kwa mkono. Nilikibana kwa koleo, mkono nimeunyosha, naimba, nikakitupa bondeni. Vyote vitatu. Cha mwisho kiligonga mwamba kikapasuka, na ndani yake kukamwagika vijiti na unga mweupe.

Niliuona weupe ule nikapiga magoti kushukuru. Nilidhani ni pemba, ule udongo mweupe wa waganga wa kwetu. Ningeweza kushuka hatua ishirini nikaushika, nikaunusa. Mtu aliyepika maisha yake yote, unga wa mahindi angeujua hata kwa ncha ya ulimi. Sikushuka.

Hapa nataka kukuambia jambo, halafu naendelea. Watu watakuambia usiwe mtu wa kushuku kama baba yako. Mimi sikuambii hivyo, kwa sababu singeweza kukuambia kwa uso mkavu. Shuku unavyotaka. Lakini ukishuku, fungua. Nenda ukaangalie, uliza mwenye kitu mbele ya macho yake, hata kama utaonekana mjinga. Kosa langu halikuwa macho. Nilikuwa na macho mazuri kuliko wote. Nilikuwa mvivu wa hatua ishirini.

Walichelewa kurudi. Hali ya hewa iligeuka, theluji na mvua pamoja, na walipofika kambini hema moja lilikuwa limeraruka na kuni zote zimelowa. Kambale akasema tusilale pale, tushuke, chini kuna mahali pa mwamba mkavu na ameweka kitu. Tukashuka. Akafika kwenye jiwe la kwanza, akaona yale mawe madogo matatu yametawanyika, akaingiza mkono. Akapapasa shimo lote kwa kiganja.

"Nani alikuya hapa?" aliuliza. Halafu akageuka. "Niliweka unga. Niliweka kuni ya kukauka, na chumvi. Fasi tatu. Kila safari tunaweka, juu ya kurudia."

Jiwe la pili, la tatu, vivyo hivyo. Tulifika kwenye mwamba mkavu bila cha kuwasha na bila cha kula. Banza alikuwa amelowa mpaka mfupani, kwa sababu blanketi lake alilifungia sanduku la mashine ya picha lisipate maji. Alitania kidogo kwamba sasa hata yale maharagwe yangu angeyala. Asubuhi hakuamka.

Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiweka hapa.

Chini ya mlima Bwana Miguu alitaka kujua chakula kilikwenda wapi. Akaamua kwamba hakikuwekwa kamwe, kwamba kiongozi alikila na kudanganya. Wakamleta Kambale mbele ya mtu wa serikali wa hapo. Kambale hakupiga kelele. Alininyooshea kidole mimi, bila hasira, kama mtu anayemwita shahidi.

"Uliza mupishi. Ye alibakia kule. Ye anayua."

Na mimi nikajibu, "Minyi siyui kintu."

Walimpiga fimbo na kumfunga. Sikungoja kujua angefungwa muda gani. Nilirudi Kamina peke yangu na habari ya msiba.

Utaniuliza kama nilijua wakati ule. Nilijua na sikujua. Alipotaja unga, nilikumbuka ule weupe bondeni. Lakini nikakimbilia kwenye maharagwe. Kila mara moyo ulipotaka kunishtaki, nilijiambia: na maharagwe je? Nani aliyazuia kuiva? Mtu aliyeweza kufunga chungu changu kwa maneno tu, huyo ni mlozi, na mlozi hatasema kweli juu ya kifurushi chake. Niliishi juu ya hoja hiyo miaka yote. Nilioa juu yake, nikafundisha watoto wa kanisa juu yake. Nilikupa jina la marehemu nikadhani nimelipa kitu.

Mpaka ile likizo yako ya kwanza kutoka shule ya wauguzi. Sijui kama unaikumbuka. Kwako ilikuwa mchana wa kawaida. Mama yako alilalamika.

"Hii maharagi iko mugumu. Tangu asubui iko pa moto."

Mimi, kwa mzaha, nikasema labda yametoka mlimani, maana kuna milima ambako hata ukipika siku nzima hayaivi. Na wewe, mdomo umejaa, ukajibu:

"Njo vile, baba. Kule juu maji inachemka mbio, lakini moto yake iko kidogo. Inaruka-ruka tu. Maharagi haiwezi kuiva. Balitufundisha."

"Hata kama muntu anaomba?"

"Hata akiomba." Ukacheka. "Haiko bulozi, baba. Njo mulima tu."

Niliinuka mezani. Ulidhani nimekasirika kwa sababu mtoto amenifundisha mbele ya mama yake, na jioni ulikuja kuniomba radhi. Uliniomba radhi, Banza, na mimi nikaipokea. Nilikaa pale kwenye kiti changu nikasema, "Haizuru." Kati ya makosa yote niliyoandika hapa, hilo dogo ndilo linalonichoma kila ninapokuona.

Ndiyo maana nilificha barua ya daktari. Nilifikiri: kama ni yeye, atasikia jina Banza, atasikia Kamina, atatazama uso wako na kuona wangu, maana watu wote wanasema tumefanana paji la uso. Na juu kule, kwenye ukungu, anayeongoza njia ndiye mwenye maisha ya wote mkononi. Nilimwona akikuacha. Nilimwona akikupitisha pabaya. Usiku na mchana nilimtengenezea kisasi ndani ya kichwa changu, mpaka siku moja nikashtuka: ninafanya tena. Sijamwona mtu huyu miaka zaidi ya ishirini, na ninamtupia bondeni kitu ambacho sijakifungua. Kambale niliyemjua mimi alitushusha sote kwenye theluji ile akiwa na njaa kuliko sisi, na alimbeba rafiki yangu mgongoni mpaka chini. Hilo pia sikumwambia yule mtu wa serikali.

Basi nakuomba jambo moja, na ni zito kuliko mzigo wowote watakaokupa. Mkifika Mutwanga, kabla hamjaanza kupanda, mtafute huyo mzee peke yake. Muulize kama alifungwa zamani kwa ajili ya chakula kilichopotea. Akisema hapana, mshukuru na umfuate. Akisema ndiyo, mwambie wewe ni mtoto wa yule mpishi. Mwambie kwamba ni mimi niliyetupa vile vitu, vyote vitatu, na sababu yake. Usipunguze. Halafu mwambie daktari vilevile, ili lisibaki kati yenu wawili tu. Na umwachie mzee achague kama atakuongoza au la.

Akikataa, rudi nyumbani. Najua ninachokuambia. Najua umeingojea safari hii, najua hakuna mwuguzi mwingine wa hapa aliyeitwa na watu wa namna hiyo, na kwamba ukirudi utakuwa umerudi kwa kosa la baba yako. Ungeweza kunyamaza, ukapanda, ukashuka, na hakuna mtu angejua. Mimi nilinyamaza. Nakuambia tu kwamba inawezekana kabisa, na mtu anakula, analala, anazeeka.

Akikubali, sijui nitaamini. Utaniandikia kwamba amekubali na mimi nitaigeuza barua yako mara kumi nitafute umeficha nini. Hiyo si kazi yako kuiponya. Wewe andika tu.

Na kama atakuuliza kwa nini sikuja mwenyewe, usinitungie sababu. Usiseme baba ni mgonjwa, usiseme shule haina mwalimu mwingine. Nauli ninayo, na miguu ni mizima. Mwambie niliogopa kumtazama, nikamtuma mwanangu.

Mungu akutangulie njiani, na wewe uwatangulie wenzako kusema kweli.

Baba yako,
Ngoie, aliyekuwa mpishi